Mto Kuja Si Maziwa

Picha iliyonipa jina ni ya uongo, na mwongo ni mimi. Naanza na hilo mapema ili utakapofika kwenye lawama usidhani nimejipandisha kwenye jiwe na kuwatupia wenzangu kokoto. Nimo ndani. Nilivuna laiki, nilivuna pesa, na nikavuna swali ambalo sijapata jibu lake hadi leo.

Ni picha ya maporomoko ya Gogo, kwenye mto Kuja, kaunti ya Migori. Pengine uliwahi kuiona ikipita kwenye simu yako. Maji yanashuka meupe kama maziwa yanayomiminwa kwenye sufuria, mawe ni meusi na yanang'aa, majani yametulia kabisa, na hakuna mtu. Hakuna hata nyayo. Sijawahi kupakia kitu kikapendwa hivyo. Kisha mteja mmoja, ambaye jina lake tuliache, akainunua kwa ajili ya kalenda. Nikapewa ukurasa wa mwezi wa nne. Pesa zile zilinilipia kodi ya bedsita kwa miezi miwili, na kwa mpiga picha wa umri wangu hiyo si habari ndogo.

Kabla ya kulipa, mteja alinitumia ujumbe mmoja tu kwa WhatsApp: "Iko fiti sana, ila hebu safisha maji kidogo."

Nikayasafisha. Ilinichukua dakika nne. Kama serikali ya kaunti ingekuwa na kasi yangu, Nyatike yote ingekuwa inakunywa maji ya bomba.

Sasa sikia kilichotokea. Siku niliyopiga ile picha kulikuwa na mama mmoja pale mtoni. Aliniwekea begi nyumbani kwake nisije nikaliangusha majini, akanipa chai, akashuka na mtungi wake kufua na kuchota. Mwezi wa kumi na mbili nilirudi na kalenda mpya kama zawadi ya shukrani. Nikaifungua kwenye ukurasa wangu, nikisubiri kusifiwa. Akaitazama kwa muda. Akaisogeza mbali kidogo, kama watu wa umri wake wanavyofanya wakiwa hawana miwani.

"Nyathina, huu ni mto wa wapi?"

"Ni hapa, mama. Ni Gogo."

"Hapa?" Akaangalia tena. "Na sisi tulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaweka kidole kwenye jiwe moja upande wa kushoto. "Mtungi wangu huwa nauweka hapa." Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yananifanya niandike haya: "Mtu wa Nairobi akiona hii atasema hawa watu wana maji masafi, hawana shida. Bomba hawatatuletea."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma barua ya benki.

Hebu nieleze jinsi maji haya yanavyopikwa, maana wengi wetu tunapenda kula bila kuingia jikoni.

Unafika kabla jua halijakaza. Unasimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, unaikaza isitikisike, ISO 100, lenzi kwenye f/11. Mbele ya lenzi unafunga filta ya giza, ile watu wa kamera wanaiita ND. Ya stopu 10 inapunguza mwanga mara 1,024, kwa hiyo picha ambayo ingehitaji 1/30 ya sekunde sasa inahitaji kama sekunde 34. Kwa sekunde hizo zote shata iko wazi, na kila tone linalopita linaacha mkwaruzo wake wa mwanga juu ya mkwaruzo wa tone lililotangulia. Povu ndilo linalong'aa zaidi, kwa hiyo povu ndilo linaloacha alama nzito zaidi. Matokeo ndiyo yale yanayoitwa hariri.

Kama huna filta, unaunganisha fremu. Unapiga fremu 30 moja baada ya nyingine bila kuigusa kamera, kisha unazipanga kwenye kompyuta moja juu ya nyingine kama chapati, na kuiambia programu itafute wastani wa kila pikseli. Fremu 30 za sekunde moja moja zikichanganywa hivyo zinakaribia kabisa kufanana na picha moja ya sekunde 30. Kuna faida nyingine: ukichanganya kwa wastani fremu 16, chengachenga za picha zinapungua hadi robo. Hata simu zinafanya. iPhone, tangu 2017, inaweza kugeuza zile picha zake za sekunde tatu kuwa hariri kwa kidole kimoja.

Kisha kuna majani. Upepo ukivuma, sekunde 34 zinayafanya kuwa ukungu wa kijani. Kwa hiyo unachukua majani kutoka fremu ya haraka, maji kutoka fremu ndefu, na anga kutoka fremu uliyoipiga na giza zaidi. Picha moja, nyakati tatu.

Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Mbinu hii ni ya kale kuliko babu zetu. Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akiifanya miaka ya 1850: bahari kutoka negativu moja, mawingu kutoka nyingine, kwa sababu kemikali za wakati wake hazikuweza kubeba vyote viwili kwa pamoja. Wapiga picha wengi wa maporomoko wa karne ile walipata maji ya hariri bila hata kuyatafuta, kwa kuwa vioo vyao vilichelewa kushika mwanga. Wao walilazimishwa na vifaa. Mimi kamera yangu inaweza kugandisha mbawa za nzi. Nilichagua.

Na kwa vile nilichagua, nina mashtaka matatu dhidi yangu, na dhidi yako wewe unayesoma huku umefungua Lightroom pembeni.

Shtaka la kwanza ni rangi. Kuja si mweupe. Wakisii kule juu wanauita Gucha, nasi Waluo huku chini tunauita Kuja, na unatoka milima ya Kisii na Nyamira, ambako kila kipande cha mteremko kimelimwa hadi ukingoni. Mvua ikinyesha, udongo wa shamba la mtu unaondoka na mto. Mwezi wa nne, mwezi uleule wa kalenda yangu, Kuja huwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani. Ndiyo maana bwawa dogo la Gogo, linalolisha kile kituo cha umeme cha megawati 2 kilichojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa Macalder, limekuwa likijaa tope miaka nenda miaka rudi. Chini zaidi mto unapokea maji ya mto Migori, na katika bonde lile kuna vijana, baadhi yao tulisoma nao, wanaosaga mawe na kukamata dhahabu kwa zebaki. Halafu kila kitu kinaelekea Nyatike, na masika yakizidi, mto unaingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi, kisha unamalizikia ziwani.

Nisisingizie kamera. Kamera haioni zebaki, na hakuna fremu duniani itakayokuonyesha sumu iliyo ndani ya samaki. Lakini tope linaonekana. Tope ni ushahidi wa bei rahisi kuliko wote: huhitaji maabara, unahitaji macho tu. Na shata peke yake haigeuzi tope kuwa maziwa. Inalainisha, inapandisha mwanga wa povu, basi. Anayemaliza kazi ni mimi kwenye laptopu, nikivuta rangi ya machungwa chini, nikivuta ya njano chini, nikisogeza joto la picha kuelekea buluu hadi udongo wa Kisii wote unatoweka. Kiswahili kilishaliona jambo hili mapema: hariri ya kuvaa na hariri ya kurekebisha zinatamkwa sawasawa. Ukihariri vya kutosha, unapata hariri.

Shtaka la pili ni watu, na hapa ndipo ninapoona haya zaidi.

Nilisema fremu zinachanganywa kwa wastani. Kuna njia nyingine, na ndiyo niliyoitumia Gogo. Badala ya wastani, unaiambia programu ichukue thamani ya katikati. Kwa kila pikseli inapanga fremu zote 30 kutoka nyeusi hadi nyeupe, kisha inachukua ile iliyo katikati ya foleni. Ielewe hivi: ni kura. Kwenye kila nukta ya picha, aliyekuwepo mara nyingi ndiye anayeshinda, na aliyeshindwa hapewi hata kiti cha kuteuliwa. Jiwe lilikuwa palepale fremu zote 30, jiwe likashinda. Mama alikuwa akiinama, akiinuka, akisuuza, akienda kuanika nguo majanini na kurudi. Pale alipoinama alipata kura sita. Alipoinukia, nne. Njiani, moja moja. Hakushinda popote. Programu ikamfuta bila hata kuniuliza, na nikaona ni muujiza.

Ila programu ilibakisha mtungi. Ule mtungi wa njano wa lita 20, uliowahi kubeba mafuta ya kupikia, ulikuwa umekaa juu ya jiwe muda wote ule. Haukuwa na kazi ya kufanya, kwa hiyo ulikuwa na kura 30. Kwenye picha iliyotoka kompyutani hakukuwa na mtu yeyote, bali mtungi wa njano peke yake, ukimsubiri mwenyewe.

Ningeweza kusimama hapo nikajiuliza. Sikusimama. Nilichukua ile brashi ya kunakili, nikakopa jiwe kutoka upande wa kulia, nikaufunika mtungi. Kwa hiyo mama alipoweka kidole kwenye kalenda na kuuliza, aliugusa mahali penyewe hasa nilipogusa mimi.

Hili nalo lina historia. Mwaka 1838, jijini Paris, Daguerre alipiga picha ya barabara ya Boulevard du Temple mchana kweupe. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi. Lakini shata yake ilihitaji dakika kadhaa, na waliokuwa wakitembea hawakuacha alama. Barabara ikatoka tupu. Kwenye kona tu kunaonekana mtu amesimama, mguu umeinuliwa, akisafishwa viatu, na umbo la anayemsafisha likiwa limeinama mbele yake. Watu hutaja picha hiyo kuwa pengine ya kwanza kumwonyesha binadamu. Mimi siku hizi naiona kama picha ya kwanza kuwafuta watu wengi kwa mpigo mmoja. Aliyesalia vizuri ni yule aliyekuwa na nafasi ya kusimama tuli akihudumiwa. Waliokuwa na haraka zao, wabeba mizigo, wauzaji, watoto wa kutumwa, wote walikwenda na maji.

Daguerre hakuwa na namna. Sisi tuna namna, na bado tunaandika chini ya picha "paradiso iliyofichika", "mahali ambapo hapajafikiwa". Hapajafikiwa na nani? Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Peter Robertshaw alichimba karibu na maporomoko haya ya Gogo. Alikuta mifupa ya samaki na ya wanyama wa kuwindwa, mifupa ya mifugo, na vigae vya vyungu vya aina ambayo wataalamu wanaiita Kansyore. Watu walikuwa wakivua, wakila na kupika hapo maelfu ya miaka iliyopita, kabla hapajawa na Mluo wala Mkisii wala Mswahili wa kupabishania. Gogo pamefikiwa tangu zamani hizo. Kijana mmoja mwenye laptopu na fremu 30 ndiye aliyepafanya pawe pori.

Na wewe unajua tabia ya pori tupu katika nchi hii. Mahali pakionekana hapana mtu, hapakosi mtu wa kuja na ramani.

Shtaka la tatu ni kipimo cha maji. Hili nilijifunza Homa Bay, au tuseme mpakani mwa Homa Bay na Kisumu, kwenye mto Sondu Miriu. Kuna maporomoko pale yanaitwa Odino. Juu yake mto umezuiwa, na sehemu kubwa ya maji inaingizwa kwenye handaki refu la kilomita sita hivi, yakaendeshe mitambo ya megawati 60 ambayo imekuwa ikifanya kazi tangu 2008, kisha ile ya Sang'oro ya megawati 21 iliyofuata, ndiyo maji yarudishwe mtoni. Odino yako katikati, kwenye kile kipande kilichorukwa. Mradi ulipokuwa ukijengwa kwa mkopo wa Japani, hatima ya kipande hicho ilizua kelele nyingi, hapa na huko.

Umeme ni kitu kizuri. Naandika haya kwa umeme. Sitaki kuingia kwenye ile hesabu ya nani alipata na nani alipoteza. Wako watu waliokaa nayo miaka mingi kuliko mimi. Ninachosema ni hiki: nilifika Odino mwezi wa kwanza, jua kali, nikakuta maji membamba yakihangaika kati ya mawe makubwa, yakiyumba kushoto na kulia kila upepo ulipopita. Nikafungua shata kwa sekunde 30. Nikatazama kioo cha kamera, nikatazama mto, nikatazama tena kioo. Uzi ulikuwa umegeuka pazia.

Ndivyo mbinu inavyofanya kazi. Maji yanayoyumba yanagusa jiwe hili sasa, lile baadaye kidogo, na kwa sekunde 30 shata inayajumlisha yote kana kwamba yalikuwa hapo kwa pamoja. Kila palipolowa mara kwa mara panaonekana kama pamefunikwa. Mto uliopunguzwa unaonekana umeshiba. Ongeza fremu moja uliyoipiga msimu wa mvua, uifiche humo kwa tabaka laini, na hakuna atakayejua. Nimewaona wakifanya. Nimefundishwa kufanya, kwenye darasa nililolipia.

Fikiria hiyo picha miaka 50 ijayo. Maporomoko ya Ripon kule Jinja, mahali Speke alipoyaona maji ya Nile yakitoka ziwani mwaka 1862, yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa 1954. Maporomoko ya Bujagali, mwendo mfupi chini yake, yakazamishwa na bwawa jingine mwaka 2011. Mtoto wa Jinja akitaka kujua maji yale yalikuwaje, yalivunjikia wapi, jiwe gani liligawanya mkondo, hana pa kwenda ila kwenye picha. Akikuta maziwa, atakuwa amekuta nini? Ataambiwa kulikuwa na maji, na yalikuwa laini. Maporomoko yetu haya madogo madogo, Gogo, Odino na mengine yasiyo na jina kwenye ramani, hayana wachoraji, hayana filamu, hayana vitabu. Yana sisi na simu zetu tu.

Najua utasema nini, kwa sababu rafiki yangu alishasema, tukiwa tunakula samaki pale Homa Bay. "Buda, wacha drama. Picha zote ni uongo. Hata 1/1000 ni uongo. Jicho gani limewahi kuona tone limeganda hewani?"

Yuko sawa. Jicho halioni sekunde 34, na halioni 1/1000. Kila shata ni uamuzi. Hata nimpe zaidi: hariri ina ukweli wake. Inaonyesha mahali mkondo unapopita, unapozunguka, unapopumzika chini ya jiwe, mambo ambayo picha ya haraka inayaficha ndani ya fujo ya matone. Kama maji ni masafi na hakuna anayeyateka, piga hariri hadi betri iishe. Sikupingi. Ila mto unaochotwa si mlima wa mapambo. Mto unaochotwa uko kwenye Katiba. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na huduma ya maji ni kazi ya kaunti. Sasa, mwenye haki akienda kuidai, na anayedaiwa ana kalenda ukutani inayoonyesha maji meupe na hakuna mtu wa kuyahitaji, kalenda ile imekuwa shahidi. Shahidi wa upande mmoja. Na aliyemwandaa shahidi huyo ni mimi, nikalipwa.

Kuna swali gumu kuliko la rafiki yangu. Dada mmoja anayeandika kuhusu picha aliniuliza, "Kwa hiyo unataka turudi kwa zile picha za wafadhili? Mama maskini, maji machafu, nzi machoni?" Hilo lilinikalisha chini. Kwa kweli sisi kizazi chetu tulikimbilia hariri tukitoroka picha hizo. Tulichoka kuonekana tukilia. Tulitaka kwetu kuonekane pazuri, na kwetu ni pazuri kweli, bana. Ukisimama Gogo jua likichomoza utajua nasema nini.

Lakini hebu nikumbuke vizuri. Asubuhi ile, kwenye fremu zangu 30, mama yule hakuwa akilia. Kwenye fremu ya kumi na moja amecheka hadi ameshika kiuno, kwa sababu mwenzake amemsengenya mtu fulani ninayemjua. Kwenye ya kumi na nne anamrushia mtoto maji. Kwenye ya ishirini ameinua shuka, na nyuma ya shuka maji ya kahawia yanapiga jua na kuwa kama shaba. Hakuna fremu hata moja kati ya hizo inayoomba msaada. Na hakuna hata moja inayodanganya kuhusu maji. Kati ya picha ya kuhurumiwa na picha ya maziwa kuna uwanja mpana ajabu, na uwanja huo ulikuwa kwenye memori kadi yangu muda wote. Niliupita kwenda kutafuta thamani ya katikati.

Kwa hiyo siombi mtu auze filta zake. Naomba vitu vichache, na nimeanza navyo mwenyewe.

Shusha shata. Robo ya sekunde au 1/8 inatosha kabisa: maji yanaonekana yanakwenda, na bado yana mifupa. Tumia filta ya kuondoa mng'aro, ile unayoizungusha, maana mng'aro wa anga juu ya maji ndio unaoficha rangi yake halisi. Pima weupe kwa karatasi nyeupe uliyoishika palepale mtoni, na ukifika nyumbani usiuguse. Ukiunganisha fremu za mahali penye watu, tumia wastani, usitumie kura. Wastani unamkumbuka kila aliyepita, hata kwa kivuli. Usichanganye misimu. Chini ya picha andika ni fremu ngapi, za sekunde ngapi, za tarehe gani; mstari mmoja tu, haumuui mtu. Tunza fremu zako mbichi, zote, maana ndizo nyaraka. Na mteja akikwambia safisha maji, mwambie kazi hiyo ina ofisi yake.

Sitajifanya kwamba hii haina gharama. Nimekosa kazi mbili. Mmoja aliniambia mtindo wangu "umekuwa na siasa". Picha zangu mpya za Kuja zinapata laiki kama za mtu anayepakia chakula cha mchana. Kodi bado inadaiwa tarehe 5, na mwenye nyumba hapokei kanuni za maadili. Ukiamua kuendelea na maziwa kwa sababu una watoto wa kulisha, sitakuja kukutukana kwako. Ila usiniambie hujui.

Mwezi wa tano nilirudi Gogo na picha mbili nilizochapisha. Ya kwanza nilikuwa najivunia sana. Ni zile fremu 30 zilezile, safari hii kwa wastani, bila brashi, bila kuvuta rangi. Maji ni ya kahawia, laini kidogo. Mtungi wa njano umekaa imara juu ya jiwe lake. Kando yake kuna mwanamke wa moshi, mara ameinama, mara amesimama, sita, nne, moja moja, unaona mawe kupitia mgongo wake. Niliona nimefanya haki na sanaa kwa pamoja.

Mama akaishika, akaisogeza mbali, akaangua kicheko. "Eh! Umenifanya jachien!" Akamwita mwenzake aje aone jini la mtoni. Walicheka hadi mimi nikaanza kucheka.

Halafu nikampa ya pili: fremu ya kumi na moja, peke yake, 1/250 ya sekunde, imepunjika kidogo upande wa chini. Yeye mwenyewe, mkono kiunoni, mdomo wazi, meno yote nje, na nyuma yake mto mzima mwekundu ukianguka. Hii hakuisogeza mbali. Alitafuta msumari, akaitundika juu ya ile kalenda, ikafunika mwezi wa nne wote.

"Hii," akasema, "ndiyo uwapelekee wale watu wa kalenda."

Niliwapelekea wiki ileile, na maelezo: fremu moja, tarehe, saa, mto Kuja. Tiki mbili za buluu zilitokea siku hiyohiyo. Jibu bado.